Gharama ya Minyororo

Somo: Marko 5:1–20

Aliye na Biblia karibu naye na aifungue katika Injili ya Marko, sura ya 5. Aliye jikoni au shambani na redio yake asijali, maana habari yenyewe anaijua tangu shule ya Jumapili.

Ni habari ya mtu wa nchi ya Wagerasi, ng'ambo ya Bahari ya Galilaya. Hakukaa nyumbani kwao, alikaa makaburini. Mchana na usiku watu walisikia sauti yake vilimani, na mwili wake ulikuwa na majeraha ya mawe aliyojikata nayo mwenyewe. Tunapoihubiri habari hii, mara nyingi tunawakimbilia wale nguruwe. Leo tusimame kwanza katika mstari wa 4. Hapo Marko anatuambia kwamba mtu huyo alikuwa amefungwa kwa pingu na minyororo, tena si mara moja. Alifungwa mara nyingi, na kila mara aliikata.

Sasa, ndugu zetu, lifikirini jambo hili. Katika siku zile mnyororo wa chuma haukupatikana bure. Mhunzi alitaka malipo yake. Watu wenye nguvu waliacha mashamba yao na nyavu zao wakaenda kumkamata, na bila shaka wengine walirudi wameumia. Mnyororo ulipokatika, ulitafutwa mwingine. Basi watu wa mji ule walikuwa wakitoa mali kwa ajili ya mgonjwa wao. Hakuna aliyeandika hesabu, lakini mali ilitoka, na mtu alibaki makaburini vile vile.

Twaanza hapo kwa sababu twataka kulijibu swali linaloulizwa sana nchini kwetu: Je, yafaa Serikali iongeze fedha za kutibu maradhi ya akili? Wapo watakaosema kwamba hilo ni neno la wanasiasa, wachungaji waliache. Wengine watasema kwamba nchi ina madeni na fedha hazitoshi. Sisi twajibu kwamba fedha zinatoka tayari. Zinatoka kwa njia ya minyororo. Kilichobaki ni kuchagua kama tutaendelea kulipia minyororo au tutalipia uponyaji.

Kabla ya kuendelea, tuondoe kikwazo kimoja. Wapo Wakristo wanaosoma sura hii wakasema, "Mtu yule alikuwa na pepo, basi kila mwenye maradhi ya akili ana pepo, na dawa yake ni maombi peke yake." Marko hasemi hivyo. Anasimulia habari ya mtu mmoja na jinsi Bwana alivyomwokoa. Hatoi sheria kuhusu kila mgonjwa. Sisi twaamini maombi, na tunawaombea wagonjwa kila juma. Lakini mtu mwenye kisukari huombewa kanisani siku ya Jumapili, na Jumatatu huenda kliniki, wala hakuna amwambiaye kwamba imani yake imepungua. Ubongo nao ni kiungo cha mwili. Unaweza kuugua kama figo na kama moyo. Paulo mwenyewe alikuwa na Luka, ambaye alikuwa tabibu, wala hatusomi popote kwamba alimkataza utabibu wake.

Basi, minyororo ya siku hizi ni ipi?

Kwanza, iko minyororo ya chuma hasa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa kwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Tusiwahukumu upesi jamaa wafanyao hivyo. Mara nyingi ni mzazi aliyechoka, ambaye kijana wake ametoka usiku mara tatu akaokotwa barabarani. Hana daktari wa karibu, hana dawa, na kamba iko pale pale nyumbani.

Pili, iko minyororo ya sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilisema kwamba mtu aliyejaribu kujiua ametenda kosa, na aliweza kufungwa gerezani hadi miaka miwili. Fikirini: mtu amelemewa na huzuni hata hatamani kuishi, kisha anatolewa hospitalini na kupelekwa kizuizini. Polisi alilipwa, hakimu alilipwa, askari wa gereza alilipwa. Fedha zote hizo zilitoka katika hazina ya Serikali, na ugonjwa haukuguswa. Twamshukuru Mungu kwamba tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini kumwondoa mgonjwa mahakamani ni nusu ya kazi. Asipopelekwa kliniki, atakuwa ametolewa gerezani na kuachwa njiani.

Tatu, iko minyororo isiyoonekana, nayo ndiyo ghali kuliko yote. Mwaka 2021 Wizara ya Afya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa walihesabu hasara ambayo nchi yetu huipata kwa sababu ya maradhi ya akili. Walipata kwamba kwa mwaka mmoja, 2020, hasara hiyo ilifika shilingi bilioni 62.2. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni kazi ambayo haikufanyika: mwalimu aliyeshindwa kuingia darasani, fundi aliyeacha vyombo vyake, mama aliyejifungua akalemewa na huzuni nzito hata hakuweza kwenda sokoni, na jamaa aliyeacha shughuli zake ili amlinde mgonjwa. Fedha hizo hazikusomwa katika makadirio ya Bajeti. Hata hivyo zililipwa, na waliozilipa ni wananchi.

Tunamfahamu mama mmoja mjane, mwenye mwana wa miaka thelathini na kitu. Kijana huyo huchomwa sindano mara moja kwa mwezi, na akichomwa kwa wakati wake yeye ni mtu mwema kabisa. Hukamua ng'ombe, hukata majani, huja kanisani na kuimba. Mwezi dawa ikikosekana katika hospitali ya karibu, mama huambiwa ainunue dukani au aende mjini. Hana fedha za dawa, na nauli ya matatu ya watu wawili si kitu kidogo kwa mjane. Basi mwezi huo hupita bila sindano. Baada ya majuma kadhaa kijana haongei na watu, halali, na huanza kuwaogopa majirani. Kisha hutafutwa vijana wa kijiji wamshike, hutafutwa gari, huuzwa mbuzi. Hukaa wodini majuma mengi. Akirudi, ng'ombe amepunguza maziwa, na majirani wamesahau kwamba alikuwa akiimba.

Hesabuni wenyewe. Ni kipi kilicho ghali, sindano moja ya mwezi, au gari, na mbuzi, na majuma ya wodini, na mavuno yaliyopotea? Mnyororo ni ghali kuliko dawa. Ila gharama ya dawa huandikwa katika daftari la Serikali, na gharama ya mnyororo huandikwa katika umaskini wa mama huyo, mahali ambapo Waziri wa Fedha hawezi kuisoma.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza, "Je, Serikali haikufanya lo lote?" Imefanya, na ni haki kusema hivyo. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kazi ya kuwatunza wagonjwa wa akili mwaka 1910, na mpaka leo ndiyo kimbilio la watu wa nchi nzima. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata afya bora iwezekanavyo. Mwishoni mwa mwaka 2019 Serikali iliteua kikosi maalumu chini ya Dakta Frank Njenga kuchunguza hali ya afya ya akili, na ripoti yake ya mwaka 2020 ilishauri kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, ikaziwekea Serikali Kuu na serikali za kaunti wajibu wa kuwahudumia wagonjwa hawa.

Maneno basi tunayo, tena ni maneno mazuri. Tutazame mfuko. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza huduma hizi. Alikuta kwamba katika hospitali 284 za ngazi ya 4 na kuendelea, ni 29 tu zilizokuwa zikitoa huduma za maradhi ya akili. Katika kaunti 47, kaunti 22 hazikuwa na wodi ya wagonjwa hao. Hesabu iliyochapwa mara kwa mara katika ripoti za miaka hiyo ni kwamba maradhi ya akili yalipewa kiasi cha asilimia 0.01 ya fedha za afya. Maana yake, katika kila shilingi 10,000 za afya, mgonjwa wa akili alitengewa shilingi 1. Hata mhesabu mwingine akija akaizidisha mara kumi, bado itakuwa shilingi 10. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kiwango cha kati cha nchi za dunia ni kama asilimia 2, yaani shilingi 200 katika kila 10,000. Na shirika hilo lasema kwamba hata hizo hazitoshi.

Sasa tusikilize pingamizi mbili, maana ni za watu wenye busara.

Ya kwanza husema, "Mahitaji ni mengi. Wako wenye saratani, wako wenye figo, na watoto hawana madarasa. Kwa nini tuanze na hawa?" Hatusemi tuanze na hawa tuwaache wale. Twasema wasiwe wa mwisho siku zote. Mwenye saratani anaweza kusimama akajieleza, na jamaa zake huitisha harambee, nasi tunachanga. Harambee tumezifanya za karo, za mazishi, za kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Je, ni mara ngapi tumealikwa katika harambee ya mgonjwa wa akili? Jamaa zake huona haya kuitangaza. Asiye na mtu wa kumchangia ndiye hasa anayehitaji mfuko wa wote, na mfuko wa wote ni Serikali.

Ya pili husema, "Mkiongeza fedha zitaliwa." Hili nalo si neno la kupuuzwa. Lakini Yohana, katika sura ya 12, anatuambia kwamba hata mfuko wa Bwana na wanafunzi wake ulishikwa na Yuda, naye alikuwa mwizi. Katika sura ya 13, Yuda alipotoka usiku ule, wanafunzi wengine walidhani kwamba ametumwa kuwapa maskini kitu. Tuone hapo kwamba ilikuwa desturi yao kutoa katika mfuko ule kwa ajili ya maskini, na mwizi hakuifanya desturi hiyo ikome. Dawa ya wizi ni kumchunga mshika mfuko, wala si kumnyima mgonjwa.

Hapa ndipo twafika kwa wale nguruwe. Walikuwa kama elfu mbili, na wote walizama baharini. Watu wa mji walikuja, wakamwona yule waliyemjua ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Ndugu, hiyo ndiyo picha ya matibabu. Kuketi, kuvaa, kuongea na watu. Wengine wetu tumevipata hivyo vyote bila kuviomba, na hatujui thamani yake. Lakini watu wa mji walisikia pia habari za nguruwe, na neno lao likawa moja: walimwomba Bwana aondoke mipakani kwao. Wao waliostahimili gharama ya minyororo kwa miaka hawakustahimili gharama ya uponyaji kwa siku moja. Je, Wakenya tutapiga hesabu kama Wagerasi?

Tena angalieni vile habari inavyokwisha. Mtu yule alitaka kumfuata Bwana chomboni, naye hakumruhusu. Alimtuma arudi nyumbani kwa watu wake mwenyewe. Uponyaji wake ulikuwa na anwani, na anwani hiyo ilikuwa kwao. Hapo twapata shauri juu ya namna ya kuzitumia fedha zikiongezwa. Zisiishie katika jengo kubwa moja la Nairobi. Zifike katika hospitali ya kaunti ndogo na katika zahanati, ili sindano ya yule mjane iwepo kila mwezi. Zimfundishe muuguzi aliye karibu na watu kuitambua huzuni nzito, naye ajue ni lini ampeleke mgonjwa mbele. Zimfundishe pia mhudumu wa afya ya jamii apitaye nyumba kwa nyumba.

Jambo hili lawezekana hata katika nchi isiyo tajiri. Huko Zimbabwe, daktari mmoja wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wa mitaa ya Harare. Nyanya huketi juu ya benchi nje ya kliniki, na mwenye kulemewa huja akaketi naye, akasikilizwa na kusaidiwa kutafuta njia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliohudumiwa kwa kawaida tu. Benchi si kitu cha gharama kubwa. Lakini hata nyanya yule anahitaji mtu wa kumfundisha, na kliniki nyuma yake yenye muuguzi na dawa. Benchi peke yake halitibu.

Basi sisi tufanye nini? Katiba, katika kifungu cha 201, inawapa wananchi nafasi ya kushiriki katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya matumizi hupelekwa Bungeni na katika mabunge ya kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kaunti huitisha vikao vya kusikiliza maoni ya watu. Mara nyingi vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache, nao huomba barabara na taa. Umoja wa Akina Mama wangeweza kutuma watu wawili. Wazee wa KAMA wangeweza kutuma wawili. Vijana nao vivyo hivyo. Wasimame kwa adabu waulize maneno matatu tu: Mwaka huu kaunti yetu imetenga shilingi ngapi kwa dawa za maradhi ya akili? Mwaka uliopita zilitengwa ngapi, na zilizotumika ni ngapi? Hospitali yetu ina muuguzi aliyesomea kazi hiyo? Kisha majibu yaandikwe, na mwaka ujao warudi na karatasi ile ile mkononi.

Kufanya hivyo si siasa ya vyama. Ni kumsemea mtu ambaye sauti yake inasikika vilimani lakini maneno yake hayasikilizwi. Na tukitoka kikaoni, tupite nyumbani kwa jirani mwenye mgonjwa, tuketi, tunywe chai, tumwite mgonjwa kwa jina lake. Serikali haiwezi kutufanyia hilo, nasi hatuwezi kuleta sindano. Kila mmoja na alete sehemu yake.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, ulivuka bahari kwa ajili ya mtu mmoja aliyeachwa makaburini. Wakumbuke leo walio katika vyumba vilivyofungwa, na wanaozungukazunguka sokoni bila viatu, na wanaolia usiku pasipo mtu kujua. Watie nguvu mama zao na baba zao, na ndugu zao waliochoka. Wabariki wauguzi na madaktari. Wape wenye kuushika mfuko wa nchi yetu mioyo ya kuhesabu vema, wakaone kwamba mtu mmoja mwenye akili zake ana thamani kuliko kundi zima la nguruwe. Nasi utupe ujasiri wa kuuliza, na upole wa kutembelea. Twaomba katika jina lako. Amina.